Chachu Iliyokula Doa la Ndizi

Maji niliyonawia uso asubuhi ile yalikuwa yameshapita kwenye nepi, masufuria na madekio ya mtaa mzima mara ambazo hata mimi sizijui idadi. Usikunje pua. Na wewe ungekuwa unaishi Mtaa wa Stesheni, hapa Same, ungenawa na ungeshukuru. Tangu mwaka ule bomba la mlimani lilipokauka, maji yetu ya kuoshea ni yale yale. Yanatoka pipani, yanaingia nyumba arobaini na mbili, yanarudi pipani machafu, yanasafishwa, yanatoka tena. Ya kunywa ni mengine, yanaletwa na treni. Haya ya kuoshea ndiyo yangu mimi.

Naitwa Nambua Kisaka, ingawa mtaani wengi wananiita Mama Sifuni. Kazi yangu ni mlezi wa pipa. Nasema "pipa" kwa mazoea tu, maana lenyewe ni kubwa kuliko nyumba niliyozaliwa, na lina matumbo matatu. Kwenye tumbo la kwanza matope yanatua. Kwenye tumbo la pili inakaa chachu, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo kazi yao ni kula tu: mafuta ya kupikia, jasho, masizi, mabaki ya ugali. Vikishiba vinatoa povu, na povu hilo ndilo sabuni yetu. Kwenye tumbo la tatu maji yanachujwa kwa mchanga na mkaa wa mkonge. Kwa hiyo uchafu wako wa jana ndio sabuni yako ya leo, na hapa kwetu hakuna anayenunua sabuni. Unaazima kibuyu kimejaa, unarudisha kitupu. Brashi ikichakaa, nyuzi zake zinaingia pipani zinaliwa. Kanga ikipauka inakuwa tambara, tambara likichoka linakuwa dekio, dekio likioza linakwenda tumbo la kwanza. Wageni kutoka mijini wanakuja kupiga picha, halafu wanaogopa kunawa mikono. Nawacheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa nieleze kosa langu mapema, maana nikilificha hadithi haitaeleweka. Kila asubuhi mlezi anatakiwa asome ulimi. Ulimi ni kipande cha karatasi unachokichovya kwenye tumbo la pili. Kama chachu ni ile ile ya siku zote, karatasi inageuka kijani, kijani cha tembele. Kama imeingia chachu ngeni, inageuka zambarau. Mlangoni kumeandikwa kwa herufi kubwa: SOMA ULIMI KWANZA, FUNGUA BOMBA BAADAYE. Na mimi kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nafungua bomba kwanza, nakunywa chai yangu kwa raha zangu, ndipo nasoma ulimi. Haikuwa jeuri. Toroli la zahanati linakuja saa kumi na mbili na nusu kamili, linajiendesha lenyewe bila mtu, na ukilichelewesha dakika tano linapiga honi mpaka wafu waamke. Nilikuwa nalijaza madumu yake mawili ili liniondokee. Na ulimi, miaka yote hiyo, haukuwahi kunionyesha rangi nyingine.

Siku hiyo toroli lilikuja, nikalijaza, likaondoka likiyumbayumba. Nikanywa vikombe viwili na kiazi kitamu. Saa mbili nikashuka kwenye tumbo la pili, nikachovya ulimi, nikauinua juani.

Ulikuwa zambarau.

Nikachovya wa pili, zambarau. Wa tatu nikaufumbia macho kwanza, kama mtoto, nikayafumbua: zambarau tupu. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi. Kanuni naijua kwa moyo. Chachu ngeni ikiingia, bomba zote zifungwe, taarifa itolewe kabla ya adhuhuri, mkaguzi aje achemshe pipa. Kuchemsha maana yake ni kuiua chachu yote, ngeni na mwenyeji, kisha kuanza upya na kijiko kimoja cha chachu kutoka kiwandani, na kulea pipa mpaka likue ni miezi minane. Miezi minane bila povu, bila maji ya kutosha, mtaa mzima. Na ile chachu niliilea mimi tangu ikiwa haijai ndoo.

Nikafunga bomba zote. Sikupiga simu.

*

Nilipotoka nje nilikuta mlango umezingirwa. Mbele yao wote alikuwa jirani yangu Nasemba, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika sokoni. Alikuwa amenyoosha shati jeupe la shule juu ya kichwa chake.

"Mama Sifuni! Leo umetuwekea nini humu?"

"Kwani kuna nini?"

"Kuna nini? Angalia hapa!" Akaligeuza shati, akaligonga kwa kidole kifuani. "Hapa palikuwa na doa la ndizi. La mwaka juzi! Nimeloweka alfajiri, nimesuuza, halipo!"

Kama hujawahi kumenya ndizi mbichi hutaelewa kelele zile. Utomvu wa ndizi ukishakauka kwenye nguo ndio umehamia. Hautoki kwa ndimu, hautoki kwa magadi, hautoki kwa kusugua mpaka kucha zing'oke. Chachu yetu ya miaka yote ilikuwa inaula uchafu wowote ule isipokuwa huo. Na sasa wanawake kumi na zaidi walikuwa wamesimama na mafurushi ya nguo walizokuwa wamezikatia tamaa, kanzu za ubatizo, mashuka ya harusi, wengine wanacheka, mmoja anapiga vigelegele.

Jamani, nilitamani. Nilitamani kufungua bomba na kupokea sifa zangu.

"Bomba limefungwa, natengeneza," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

"Utengeneze nini na limepona?" Nasemba akauliza, nikajifanya sijasikia, nikachukua ndimi zangu na kuondoka.

Kila nyumba ina bomba lake la maji machafu, na kila bomba lina kidirisha unachoweza kuingiza karatasi. Nikaanzia upande wa juu wa mtaa. Nyumba ya kwanza, kijani. Ya tano, kijani. Ya kumi na saba ulimi ulitoka zambarau nzito karibu nyeusi. Nyumba hiyo ni ya Mama Senzige, ambaye mwanawe alikuwa ameoa wiki mbili zilizopita. Nikabisha hodi.

Alifungua bibi harusi mwenyewe, Nakijwa, msichana wa Mbaga, mlimani, mrefu, mpole, mikono yake bado ina hina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama mkwe yupo?"

"Ameenda mazoezi ya kwaya."

"Afadhali," nikasema, nikaingia na kukaa bila kukaribishwa. "Nakijwa, jana ulimwaga nini kwenye karo?"

Nilitegemea aogope. Badala yake uso wake ulichangamka, akaenda kwenye kichanja cha vyombo, akarudi na kibuyu kidogo kilichofungwa shanga shingoni. Akakishika kwa mikono miwili.

"Chachu ya mama yangu. Jana ilikuwa siku yangu ya kumi na nne hapa. Nimemimina nusu, nusu nimebakiza kama inavyotakiwa."

"Inavyotakiwa na nani?"

"Kwetu, mama, kila nyumba ina pipa lake, la ukubwa wa mtungi tu. Bibi harusi anakuja na chachu ya kwao. Siku ya kumi na nne anaimimina kwenye karo la mumewe, inakutana na ya mama mkwe. Zikikubaliana, povu linatoka jingi, na mama mkwe anakuita mwanangu." Akatabasamu. "Leo povu limetoka jingi sana."

Hapo ndipo hasira zangu zote ziliponiishia. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu, nimeyapanga njiani, makali. Utamgombezaje mtu aliyefanya jambo la heshima kwa heshima?

"Mwanangu," nikasema, "huku chini hakuna pipa la nyumba. Karo zote zinaingia pipa moja."

Akaacha kutabasamu. "Zote?"

"Nyumba arobaini na mbili. Na zahanati."

"Zahanati nayo inatumia povu hili?"

"Kila siku."

Akakiweka kibuyu mezani taratibu. "Mama, samahani. Vibanio vyao vya kitovu ni vya nini?"

"Vya utomvu wa mgomba. Vinatoka kiwandani, kitovu kikikauka vinarudi kiwandani, vinayeyushwa, vinafinyangwa upya. Kwa nini?"

"Kwetu ni vya chuma," akasema. "Tuliviacha vya utomvu. Chachu yetu inaishi na wamenya ndizi miaka na miaka, mama. Inakula utomvu. Hata plasta haikai mwilini."

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka tu kwamba niko barabarani nakimbia, mwanamke wa miaka hamsini na moja mwenye nyonga zangu hizi, kanga mkononi, na yule msichana amenipita, anakimbia peku mbele yangu kama anateremka mlima wa kwao.

*

Inabidi nieleze jambo moja, halafu nitaendelea. Mashuka ya zahanati hayaanikwi yakakauka kabisa. Yanakunjwa yakiwa na unyevunyevu, kwa makusudi, ili chachu ibaki hai kwenye kitambaa na iendelee kula vijidudu vibaya karibu na kidonda. Tangu tuanze utaratibu huo hakuna mtoto wa Mtaa wa Stesheni aliyepata pepopunda ya kitovu wala usaha. Nilikuwa najivunia hilo kuliko kitu chochote. Na ndilo hilo sasa lililokuwa linanikimbiza.

Nesi Ndekirwa, mkunga wetu na rafiki yangu tangu tukiwa shule ya msingi, alikuwa dirishani anaandika.

"Shoga yangu, mbona unahema hivyo? Umefukuzwa na nani?"

"Watoto wangapi wamezaliwa?"

"Watatu. Wawili jana, mmoja saa kumi na moja alfajiri, wa Joharia, yule mke wa..."

"Mashuka ya leo nani amefunikwa?"

Aliniangalia usoni, akaacha kalamu. Tuliingia wote watatu kwenye chumba cha wazazi. Joharia alikuwa amelala fofofo, amechoka, mdomo wazi. Mtoto alikuwa pembeni yake, wa kike, amefungwa vizuri kwenye shuka jeupe lenye unyevu. Ndekirwa akamfungua.

Kibanio kilikuwa kimelegea. Meno yake yalikuwa yameyeyuka, kimeteleza hadi kwenye ncha ya kitovu, na juu ya shuka palikuwa na damu, tone moja, ukubwa wa punje ya hindi, na la pili lilikuwa linajaa.

Ndekirwa alichomoa uzi wa pamba kwenye kopo lake, akafunga, akakaza, akafunga tena. Mtoto alikasirika akatoa kilio cha nguvu, na mimi sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Tukawafungua wawili wengine. Vibanio vyao vilikuwa bado vimeshika, kwa sababu walikuwa na mashuka ya jana, lakini nao tukawafunga uzi. Nakijwa alikusanya mashuka yote yenye unyevu akayapeleka nje juani, akayatandaza juu ya mawe ya moto.

Ofisini, Ndekirwa alitia kibanio kipya kwenye beseni la povu la asubuhi. Tulikaa tunakiangalia. Muda wa kumenya kiazi kimoja haujapita, kilikuwa kimelainika. Tulipokibonyeza kwa kijiko kikasambaratika.

Akamwaga beseni kwenye dumu, akalifunga. Halafu akafunga mlango.

"Nisikilize, Mama Sifuni. Mtoto mzima. Mama yake hakuona. Wanaojua ni sisi watatu."

"Ndekirwa."

"Nisikilize kwanza! Wakichemsha pipa, mimi hapa napewa poda ya kiwandani. Ile poda inachubua mikono, na maji yake hayarudi pipani, yanamwagwa. Kwa hiyo maji yangu yanapunguzwa nusu. Mwezi ujao nina akina mama kumi na mmoja. Niwazalishe kwa maji gani? Mimi nitatumia uzi, nitaacha vibanio. Wewe nyamaza. Basi, yameisha."

Nilitaka kukubali. Nasema wazi, nilitaka kukubali kwa moyo wangu wote. Pipa langu lingebaki, mtaa ungepata sabuni inayotoa doa la ndizi, bibi harusi asingeaibika, na mimi ningeendelea kusifiwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme sawa. Ndipo macho yangu yalipoangukia kwenye kabati lake la vioo: nyuzi za kushonea, plasta, mirija, vifuniko vya sindano. Vyote ni vya utomvu. Ndivyo tulivyopanga wenyewe, kila kitu kitoke shambani na kirudi shambani.

"Na yule mgonjwa uliyemshona juzi?" nikamuuliza. "Mishono yake ni ya nini?"

Alisimama, akaenda kumwangalia aliyeshonwa juzi. Mishono ilikuwa salama, naye alikuwa na shuka la jana. Ndekirwa aliporudi macho yalikuwa mekundu.

"Piga simu," akasema.

Nikapiga. Ilikuwa saa nne na robo.

*

Mkaguzi alikuja saa tano na nusu kwa pikipiki ya umeme. Bwana Tumsifu Mgonja ni mtu wa taratibu, hana kelele, anavua kofia hata anapoingia kwenye pipa. Alichovya ulimi wake mwenyewe, akautazama, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mama. Pipa zuri hili. Nikiwa darasani huwa nalitolea mfano."

Nje mtaa wote ulikuwa umekusanyika. Habari zilikuwa zimefika kabla ya pikipiki. Mama Senzige alikuwa amerudi kutoka kwaya na amesimama mbali na mkwewe, amekunja mikono, haangalii mtu. Nakijwa alikuwa amesimama peke yake na kibuyu chake.

Bwana Mgonja alifungua fomu yake. "Chachu imetokea wapi?"

"Nyumba ya kumi na saba."

"Mmh." Akaandika. "Na ulimi ulisomwa saa ngapi? Naandika saa kumi na mbili, kama kawaida?"

Alisema vile kwa wema kabisa, kalamu imeshagusa karatasi. Na mimi, ambaye naijua ile kanuni yote, nilielewa alichokuwa ananipa. Kama mlezi amesoma ulimi kwanza, basi mlezi ametimiza wajibu, na kosa lote linabaki kwa nyumba iliyomwaga. Nyumba hiyo inafungiwa bomba mwaka mzima. Itachota maji ya kuoshea kwenye mitaa mingine, kwa ndoo, kila mtu akiwaona. Na kama mlezi hakusoma, nyumba haina kosa. Mlezi anarudisha ufunguo wa pipa, na kazi yake imekwisha.

Ungenikuta miaka kumi na tisa iliyopita, ningekuambia ufunguo ni chuma tu. Siku ile ulikuwa shingoni kwangu, na niliushika bila kujua kwamba nimeushika. Nani angeniumbua? Toroli halisemi, na nguo za akina Nasemba ningesema zililowekwa kwa maji ya jana. Ndekirwa asingesema. Nilimwangalia yule msichana, wiki mbili tu tangu avuke kizingiti cha watu, na mkwewe amempa kisogo.

"Saa mbili," nikasema.

"Samahani?"

"Ulimi niliusoma saa mbili. Baada ya chai. Madumu ya zahanati yalikuwa yameshaondoka. Ningesoma kwanza, yasingeondoka. Na si leo tu, Bwana Mgonja. Ni kila siku, tangu mwanzo."

Nasemba alisema "Weee!" kwa sauti. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya moto, mpaka masikioni.

Mara Nakijwa akasogea mbele. "Lakini ni mimi niliyemwaga."

"Wewe nyamaza," nikamwambia.

"Siwezi kunyamaza, mama. Andika jina langu. Sikuuliza maji yanakwenda wapi. Mgeni anatakiwa aulize."

"Mgeni anatakiwa aambiwe! Wiki mbili umekaa hapa, nani amekuelezea? Mlezi ni nani? Ni mimi!"

"Na aliyemimina ni nani?"

Bwana Mgonja alitutazama mmoja baada ya mwingine, akashusha kalamu. "Miaka yote ya kazi hii," akasema, "sijaona watu wanagombea kosa. Huwa naondoka na kesi tatu za kusingiziana." Watu wakacheka. Hata Mama Senzige alicheka, akajaribu kuficha, ikashindikana. Akatembea hadi kwa mkwewe, akamtoa kile kibuyu mikononi.

"Mwanangu," akamwambia, "ungeniambia mimi. Mimi ndiye mama mkwe, kazi yangu ni nini?"

Nakijwa alipoitwa hivyo alianza kulia.

Fomu iliandikwa: kosa ni la mlezi. Nusu ya chachu iliyobaki kwenye kibuyu Bwana Mgonja aliitia lakiri akaichukua, aipeleke wakaijaribu kwenye pipa la kufulia nguo tu, mbali na hospitali na watoto. Alisema huenda siku moja ikapata kazi yake. Nasemba alimwandikia jina lake na namba ya nyumba, kwamba siku hiyo ikifika aanziwe yeye.

Halafu tukachemsha. Aliniambia naweza kukaa nyumbani, ataita vijana wa ofisini. Nikakataa. Niliwasha mwenyewe mitambo ya joto, nikasimama pale juu ya ngazi saa nzima mpaka mvuke ukatoka, na ukawa unanukia uji wa mtama. Nililia, tena kwa sauti, sikujali nani ananiona. Nilipomaliza nilivua ufunguo, nikampa, nikajisikia mwepesi kuliko nilivyotegemea. Bado nilikuwa na safari moja.

*

"Usiende," Ndekirwa aliniambia mlangoni pa zahanati. Ilikuwa saa tisa alasiri. "Umeshasema kwa mkaguzi. Inatosha. Utamtia hofu bure, maziwa yatakauka."

"Ni mtoto wake yeye, si wa mkaguzi."

Joharia alikuwa ameamka, amejiegemeza ukutani, mtoto ananyonya. Ni binti mdogo, labda miaka ishirini na mitatu, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilimpa hongera, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote. Sikumficha kibanio, sikumficha damu, sikumficha chai. Nilimwambia chachu ilitoka kwenye pipa langu kwa mkono wangu.

Nilipomaliza aliuliza, "Damu ilitoka kiasi gani?"

"Tone moja. La pili lilikuwa linakuja."

"Na kama msingekuja?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. "Ulikuwa umelala," nikasema. "Angeweza kuishiwa damu kabla hujaamka."

Aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Nilikaa. Sikuomba msamaha mara ya pili, maana niliona ningekuwa namuomba anifariji. Mtoto alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, akalala. Joharia akamweka begani, akampigapiga mgongoni, muda mrefu, bila kuniangalia.

"Kwa hiyo sasa mtaa hauna sabuni," akasema hatimaye.

"Hauna."

"Kwa miezi mingapi?"

"Minane."

"Na mimi nimeambiwa nisiiname wiki mbili." Sasa akaniangalia. Macho yalikuwa na hasira, hasira halali kabisa, na sikuthubutu kuyakwepa. "Nepi za mwanangu atafua nani?"

Jibu nilikuwa nalo, ila niliogopa kulisema kabla hajalisema yeye.

Akanyoosha mguu chini ya kitanda, akasukuma beseni kwa kidole gumba mpaka likagonga kigoda changu. Nepi sita, na harufu yake unaijua.

"Hizo hapo," akasema. "Na kesho uje mapema."

Nilibeba beseni kichwani nikapita nalo katikati ya mtaa, Nasemba na wenzake wanachungulia. Nyumbani nilifanya alivyokuwa anafanya bibi yangu. Niliponda majani ya mkonge juu ya jiwe, nikakamua maji yake mpaka yakatoa povu jepesi, nikachanganya na majivu yaliyochujwa, nikaketi chini na beseni katikati ya miguu. Maji yalikuwa ndoo moja, mgao wangu wa siku nzima. Mikono iliniwasha mpaka kwenye viwiko. Nilisugua nepi moja moja, nikasuuza, nikaikagua juani, na mdomo wangu ukaanza kuimba wenyewe, wimbo wa kanisani, bila hata kuuamuru. Mume wangu akatoka nje kuangalia nimepatwa na nini.

"Umepoteza kazi leo," akasema.

"Nimepata nyingine," nikamwambia. "Nisogezee hicho kibanio cha nguo."